Hapsikodi sio piano dhaifu

Kila mteja mpya anayenipigia simu ana ombi lile lile, fundi naomba uifanye hapsikodi yangu ijibu kidole kama piano, nikigusa taratibu ilie taratibu, nikikandamiza ilie kwa nguvu, alafu anamalizia "si ndio babu yake piano?" Nimechoka kulijibu hili kwa simu mmoja mmoja, naliandika mara moja.

Hapsikodi ni kinanda cha zamani cha Ulaya chenye nyaya na kii kama piano, ila haigongi waya kwa nyundo kama piano, inaudonoa. Ukibonyeza kii, nyuma yake kuna kijiti chembamba cha mbao kinapanda, kijiti kina ulimi mdogo na kwenye ulimi kimechomekwa kipande cha unyoya wa kunguru (siku hizi wengi tunaweka plastiki ngumu), hicho ndio kinaukwanyua waya kikipita. Ukiachia, kijiti kinashuka, ulimi unalala nyuma kidogo ili unyoya upite waya bila kuudonoa tena kwa nguvu, na kitambaa kilichobandikwa juu ya kijiti kinaunyamazisha. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga kanuni kwenye taarab anaijua sauti ya uzi wa kudonolewa. Sasa nguvu ya kidole inaingilia wapi hapo? Unyoya unapinda karibu kiasi kile kile kabla haujauachia waya, upige kwa hasira au kwa upole. Ukitwanga unaongeza kelele za mbao tu na nyoya zinakatika mapema, ndio maana mnaniita kila mara!

Na huo ubabu nao. Piano ilibuniwa Florence, Italia, karibu mwaka 1700 na Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa akina Medici, familia iliyotawala mji huo, hapsikodi alizijua nje ndani. Umbo la sanduku piano ilirithi, sawa, lakini mfumo wa nyundo ulikuwa kitu kipya kabisa, na yeye mwenyewe baada ya hapo aliendelea kutengeneza hapsikodi kama kawaida. Vilitumika sambamba karibu karne nzima.

Wapigaji wa zamani walilijua hili wala hawakulalamika. François Couperin, mpigaji na mtunzi wa Ufaransa, aliandika 1716 kwamba sauti ya hapsikodi huwezi kuivimbisha wala kuipunguza, dawa ni kuichelewesha noti kidogo au kuikata mapema ukaacha kimya. Ndio ushauri wangu mpaka leo, acha kukandamiza jifunze kuachia. Shikilia noti kidogo mpaka ikutane na inayofuata, mstari unaimba. Iachie mapema, ile inayofuata inatokea kwenye ukimya na sikio linaisikia nzito, ingawa waya umedonolewa vile vile.

Wapo waliojaribu kuipa misuli ya piano. Mwaka 1912 kampuni ya Pleyel ya Paris ilimtengenezea Wanda Landowska, mpiga hapsikodi maarufu, hapsikodi kubwa iliyojengwa kama piano. Yule mama heshima yake iko pale pale, bila yeye wengi wasingeisikia kabisa hii ala, lakini lile dude ni zito na sauti haiendani na ukubwa wake, manake ubao wa sauti wa hapsikodi za kale ni mwembamba, milimita 3 hivi, na sanduku lote ni jepesi ili litetemeke. Mafundi kama Frank Hubbard na William Dowd kule Boston, Marekani, walianza 1949 kurudi kwenye vipimo vya zamani na sauti ikarudi. Kwa hiyo mtu asikufungie nyaya za piano kwenye hapsikodi, zinavuta mno, sanduku litapinda na hapo hata mimi sina la kukusaidia.

Mengine haraka haraka. Viola da gamba, ala ya zamani ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, sio mama wa cello, ina nyuzi 6 (Wafaransa wakaongeza ya 7), freti (alama za kuwekea vidole) za utumbo wa mnyama zilizofungwa shingoni, na upinde unashikwa kiganja kikiangalia juu, ni ukoo tofauti kabisa na wa violini. Rekoda, ile filimbi ya kupuliza kwa ncha, sio toy ya shule, mtunzi Bach aliziweka mbili mbele kwenye konseto yake ya Brandenburg ya 4, mwaka 1721. Vile vitundu unavyoviona kwenye tarumbeta za baroko (muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na 18) ni nyongeza ya karne ya 20, enzi zile noti zilipatikana kwa midomo tu.

Na ile "nityunie 415 kama zamani", yaani noti ya A iwe herzi 415 badala ya 440 ya leo. Zamani ya wapi? Venice walikuwa juu kuliko sisi, Ufaransa wengine walishuka mpaka karibu 392. 415 tumekubaliana juzi tu, karne ya 20, kwa sababu ni nusu toni chini ya 440 na kibodi inaweza kusogezwa kii moja. Nitakutyunia unavyotaka, ila kabla hujaniita waulize kwanza wenye filimbi unaopiga nao, filimbi ya mbao ikishatobolewa imetobolewa, nyaya ndio zitaifuata.