Kujituliza kabla ya kujifungua: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kiswahili kina neno moja, uchungu, na neno hilo limebeba ladha ya shubiri, majonzi ya msiba na kazi ya kuzaa. Tena mwanamke haingii mwenyewe katika uchungu, hushikwa. Kabla hata hajabeba mimba, lugha imeshamwambia kwamba siku hiyo kuna kitu kitakuja kumkamata.

Ndiyo maana habari za kujituliza, na za hipnosisi, yaani kuikaza akili kwenye wazo moja hata mengine yakafifia, ambayo mtu hujifanyia mwenyewe, zinapomfikia mjamzito huwa zimeshapindwa pande mbili. Wapo wanaozikimbia kama uganga, na wapo wanaozinadi kama dawa ya kufuta maumivu. Mimi nazipenda mbinu hizi, na kwa sababu hiyo inaniuma kuona zinavyoharibiwa na pande zote mbili.

“Hipnosisi ni kiinimacho: unalazwa usingizi, mtu anakutawala”

Jina lenyewe lilianza vibaya. Aliyelieneza, katika miaka ya 1840, ni James Braid, daktari mpasuaji wa Kiskoti, naye alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye alitambua kwamba watu aliokuwa akiwashughulikia hawakuwa wamelala hata kidogo. Akili yao ilikuwa imekazwa kwenye wazo moja. Akajaribu kulibadilisha jina, lakini lilikuwa limeshashika. Wachezaji wa jukwaani wakalichukua, na hadi leo mtu akilisikia huona saa inayoning'inia na mtu aliyekodoa macho.

Hali yenyewe unaifahamu. Umewahi kuzama kwenye hadithi hata ukaitwa mara mbili usisikie. Umewahi kupita njia uliyoizoea ukajikuta umefika, bila kukumbuka kona ulizokata. Hipnosisi ya kujiandaa kuzaa ni hali hiyohiyo, ila unaiingia kwa kukusudia: unatulia, unalegeza mwili, unaikaza akili kwenye pumzi au picha fulani, kisha unajiambia maneno uliyoyachagua mwenyewe. Unamsikia mkunga akikusemesha na unamjibu. Unaweza kuinuka, kwenda chooni, kukataa jambo, kuomba dawa. Ukitaka kutoka, unafumbua macho.

Watu hatulingani katika hili. Kuna anayezama upesi, kuna anayehitaji wiki kadhaa, na kuna ambaye hazami sana hata akijitahidi. Hiyo si dalili ya akili nyingi au chache, wala ya imani.

Tahadhari za kweli zipo, ila si zile zinazotajwa. Mwenye historia ya ugonjwa mkali wa akili, hasa wa kuona au kusikia visivyokuwepo, azungumze na daktari wake kwanza. Aliyewahi kubakwa au kudhulumiwa anaweza kufumba macho, akaambiwa “jiachie”, na badala ya utulivu yakamrudia yaliyompata. Huyo anahitaji mtaalamu karibu, haitoshi kuachiwa mafunzo ya sauti yaliyorekodiwa peke yake. Na mafunzo hayo ya sauti hayasikilizwi mtu akiwa anaendesha gari.

“Hofu ni mambo ya kichwani tu, haiathiri uzazi”

Kichwa na mji wa mimba vinasemezana. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, ile homoni ya kukimbia au kupigana, na mji wa mimba una mahali pa kuipokea: ikizidi, inaweza kuilegeza mikazo. Kwa wanyama wengi wanaonyonyesha, jike akishtushwa uchungu ukiwa umeanza, kazi hupungua au husimama mpaka aone usalama. Ukiliangalia jambo hilo porini, lina busara yake. Katika chumba cha kujifungulia chenye taa kali na watu wanaoingia na kutoka, linaweza kuwa mzigo.

Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wanawake 2,206 waliokusudia kuzaa kwa njia ya kawaida. Waliokuwa na hofu kubwa ya kuzaa walichukua muda mrefu zaidi katika uchungu, na hata baada ya kuzingatia mambo mengine yanayorefusha uzazi bado ilibaki tofauti ya dakika 47. Si muda wa kutisha, lakini yeyote aliyewahi kupitia uchungu anajua dakika 47 ni nini.

“Ukijifunza vizuri hutasikia maumivu”

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ahadi hii ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo inayoumiza zaidi.

Chimbuko lake ni la heshima. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alianza kuandika mwaka 1933 kwamba hofu huleta kukakamaa, kukakamaa huleta maumivu, na maumivu yakaongeza hofu. Duara hilo lipo. Anayeuma meno, anayeinua mabega hadi masikioni na kuzuia pumzi kila mkazo unapokuja huchoka mapema na huumia zaidi. Lakini kutoka hapo wengine wakaruka hadi kusema kwamba hofu ikiondoka, maumivu nayo yataondoka yote. Sivyo. Mji wa mimba ni msuli wenye nguvu unaofanya kazi kwa saa nyingi, mlango wake unafunguka hadi sentimita 10, na kichwa cha mtoto kinapita kwenye mifupa ya nyonga. Mwili una sababu zake za kuuma hata kama moyo umetulia tuli.

Tafiti zimelipima hili. Nchini Denmark wanawake 1,222 waliokuwa na mimba ya kwanza waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walifundishwa hipnosisi kwa vipindi vitatu vya saa moja, wengine mbinu za kawaida za kulegeza mwili, wengine huduma ya kawaida tu. Wakati wa kuzaa, karibu 3 kati ya kila 10 katika makundi yote walichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, na maumivu waliyoyaeleza hayakutofautiana. Uingereza, katika utafiti wa wanawake 680 uliochapishwa mwaka 2015, waliotumia sindano hiyo walikuwa asilimia 27.9 kwa waliojifunza hipnosisi na asilimia 30.3 kwa wasiojifunza. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuijengea hoja. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumlisha tafiti 9 zenye wanawake 2,954, yaliona kwamba huenda hipnosisi ikapunguza matumizi ya dawa za maumivu kwa jumla, lakini si ya sindano ya mgongoni.

Anayeishia hapo atasema basi ni kazi bure. Lakini soma upande wa pili wa tafiti hizohizo. Wale wa Denmark waliojifunza hipnosisi waliisimulia siku yao ya kuzaa kwa wema zaidi kuliko wenzao. Wale wa Uingereza, walipoulizwa wiki mbili baada ya kuzaa, walisema hofu na wasiwasi waliokutana nao ulikuwa mdogo kuliko walivyotarajia, na pengo hilo lilikuwa kubwa kwao kuliko kwa wasiojifunza. Maumivu yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni namna walivyoyapitia. Kwangu hilo si jambo dogo. Kumbukumbu ya siku hiyo mama huibeba maisha yake yote.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza mbinu za kutulia, yaani kulegeza misuli, kupumua, muziki na nyinginezo, kwa mwanamke mwenye afya anayeomba nafuu ya maumivu, kwa kadiri apendavyo mwenyewe. Haliahidi muujiza.

“Nitajua cha kufanya siku ikifika”

Hutajua. Mkazo wa tano mfululizo si mahali pa kujifunzia kitu kipya. Mbinu hizi hufanya kazi kwa mazoea: mwili umeshafanya jambo lilelile mara nyingi hata likaja lenyewe. Katika utafiti wa Uingereza mafunzo yalitolewa wiki ya 32 na ya 35, halafu kila mama akapewa sauti iliyorekodiwa ya kusikiliza nyumbani kila siku. Kuanza wakati huo si kuchelewa, lakini kila siku ihesabike.

Anza na misuli. Mmarekani Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20, aligundua jambo rahisi: mtu hajui kwamba amekakamaa mpaka akaze zaidi kisha aachie. Jilaze ubavu au keti ukiwa umeegemea vizuri. Miezi ya mwisho usilale chali, kwa sababu uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa wa damu. Kunja ngumi, ikaze kwa muda mfupi, achia, na usikilize ile tofauti. Panda hadi mabega, uso, taya, kisha shuka tumboni, mapajani, hadi vidole vya miguu. Taya usilipuuze: ndilo hukaza la kwanza na kusahaulika la mwisho.

Ongeza pumzi. Kisha chagua ishara moja, kwa mfano mkono wa msindikizaji begani, na uitumie kila mara unapomaliza kulegea. Baada ya wiki kadhaa mkono huo ukigusa bega, mabega yanashuka yenyewe. Ndiyo maana atakayekuwa nawe siku hiyo afanye mazoezi pamoja nawe tangu mwanzo. Akija mgeni wa mbinu, atakusemesha katikati ya mkazo, kwa upendo mwingi, na kukutoa ulipokuwa.

“Pumua harakaharaka, ndivyo wanavyofanya kwenye filamu”

Kupumua kwa kasi kulifundishwa kweli. Daktari Mfaransa Fernand Lamaze aliona njia za kuzaa bila maumivu katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, akarudi nazo Ufaransa, na kupumua kwa haraka kukawa alama ya mafunzo yake. Lakini anayehema kwa kasi kwa muda mrefu hutoa hewa ya ukaa kupita kiasi: kichwa kinazunguka, vidole na midomo inafanya ganzi, na mishipa ya damu inayokwenda kwa mtoto inaweza kubana. Yakikupata hayo, punguza kasi.

Pumzi inayotuliza ni ile ambayo kutoa ni kurefu kuliko kuingiza. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane, midomo ikiwa imelegea. Mapigo ya moyo hupungua kidogo mtu anapotoa pumzi, na ndiyo maana kuirefusha kunatuliza. Wakati wa kusukuma ukifika, usilazimishe kuendelea na utulivu wa awali. Mwili wenyewe utataka kusukuma, na ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema mama aachwe afuate msukumo wake.

“Ni mambo yanayopingana na dini”

Si geni swali hili. Papa Pius XII aliulizwa kuhusu njia za kuzaa bila maumivu, na tarehe 8 Januari 1956 aliwajibu madaktari kwamba hazina kosa la kimaadili, na kwamba lile andiko la “kwa utungu utazaa watoto” halimkatazi mama kutafuta nafuu. Asiyetaka neno hipnosisi aliache. Anayetuliza pumzi yake kwa sala fupi anayoirudia kila mkazo unapokuja anafanya jambo lililo karibu sana na hili.

“Mama akitulia, hospitali haina kazi”

Hapana kabisa, na hapa sitalegeza maneno. Kifafa cha mimba hakitulizwi kwa pumzi. Damu inayotoka nyingi, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, homa, mtoto aliyepunguza kucheza, maji ya uzazi yenye rangi ya kijani: haya hayasubiri mama amalize zoezi lake. Tena aliyejifunza kutulia anaweza kuonekana yuko mbali na kuzaa kumbe amekaribia, kwa hiyo amwambie mkunga mapema kwamba anatumia mbinu hizi, ili ukimya wake usisomwe vibaya.

“Ukiomba sindano au ukipasuliwa, umeshindwa”

Hili ndilo zao chungu la ile ahadi ya kuzaa bila maumivu. Mama ameambiwa akiamini vya kutosha mwili utafunguka. Mtoto akakaa vibaya, au mapigo ya moyo wake yakashuka, akapelekwa chumba cha upasuaji. Jeraha la tumbo linapona, lakini anabaki akijiuliza ni hofu gani aliificha, ni siku gani aliruka zoezi. Hakuna. Mtoto aliyekaa vibaya au kondo lililofunika mlango wa kizazi havikusababishwa na wasiwasi wake. Anayemfundisha mjamzito bila kumwambia hivyo siku ya kwanza anamwonea.

Na mbinu zenyewe haziishii kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi anapotafuta nafasi ya sindano mgongoni, mama huombwa ajikunje na asitikisike, mara nyingine huku mkazo ukija. Hapo ile pumzi ndefu ya kutoa, mabega yaliyozoea kushuka na ule mkono unaojulikana begani vina kazi ya kufanya, na vilishafanyiwa mazoezi kwa wiki nane.