Wateja wote wana simu moja: 2147483647

Mwaka juzi niliitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Ujumbe kwa wateja ulikuwa hauendi. Nilipofungua hifadhidata nikakuta kila mteja, wa kwanza hadi wa mwisho, ana namba ileile ya simu: 2147483647. Fundi aliyenitangulia alihifadhi simu kwenye safu ya namba za biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1). Namba inayoanza na 255 haienei humo, na hifadhidata ile, badala ya kulalamika, ikaandika kikomo chake.

Kikomo hicho ni 2³¹ ukitoa 1, kwa sababu biti moja kati ya 32 ni ya alama ya hasi au chanya. Nilicheka peke yangu, maana naifahamu tangu chuoni kwa sifa nyingine kabisa: ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliitaja kwenye orodha yake ya mwaka 1644 ya namba tasa za aina hii, yaani 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1. Orodha ilikuwa na makosa (aliingiza 2⁶⁷ − 1, ambayo si tasa), ila hapa alipatia. Uthibitisho ulichapishwa 1772, kazi ya mwanahisabati Leonhard Euler. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 46,340 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Nani azijaribu zote kwa kalamu? Euler hakuzijaribu zote. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 62, lazima kibakishe 1. Ukikigawanya kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo mawili, kwa 248 kinabakisha 1 au 63, basi. Anza: 63 si tasa, 249 ni 3 × 83, 311 ni tasa. Gawanya kwa 311, inabaki 35. Tasa inayofuata ni 1303, inabaki 226. Endelea hivyo hadi kwenye kipeuo, haipatikani hata moja inayogawanya bila baki. Kazi ya siku chache, si ya miezi.

Ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba timilifu: vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna timilifu kubwa zaidi itakayopatikana, kwani hazina faida, nani ahangaike? Waliohangaika ni wengi.

Mifumo ya zamani pia huhesabu sekunde tangu 1970 kwa biti hizohizo 32. Itafika ukutani Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde 7. Sekunde inayofuata, saa ya mashine hizo itarudi Desemba 1901.

Pale dukani niligeuza safu iwe ya maandishi. Simu si hesabu, hakuna anayejumlisha simu mbili. Namba zenyewe hazikurudi. Walikaa wiki nzima wakizitafuta kwenye vitabu vya risiti.