Je, presha kuka huua vitamini?

Wengi huikwepa presha kuka wakiamini joto lake huua vitamini, wakachagua sufuria ya mvuke ya kawaida. Ni kweli mvuke wa kawaida hufika nyuzi 100 hivi za Selsiasi, na uliobanwa ndani ya presha kuka hukaribia 120. Lakini joto si jambo pekee. Vitamini C hupungua pia kadiri chakula kinavyokaa motoni, tena huyeyuka na kumwagwa na maji ya kuchemshia. Presha hufupisha muda sana, na mboga zikiwekwa juu ya kichanja haziguswi na maji. Tazama basi unachopika. Kwa maharage na nyama ngumu, ningechukua presha bila kusita. Kwa samaki na mboga laini, sufuria ya mvuke ya kawaida, ambayo unaweza kuifunua wakati wowote ukachungulia.