Mwalimu Kupwewa na Sauti: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Kupwewa na sauti ndiyo ualimu wenyewe, utazoea."

Kwamba wengi hupatwa ni kweli. Utafiti uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah, Marekani, na kuchapishwa 2004, ulikuta asilimia 57.7 ya walimu wamewahi kuwa na tatizo la sauti, na asilimia 28.8 tu kwa watu wa kazi nyingine. Lakini la wengi si lazima liwe la kuvumiliwa. Sauti ikikwaruza kwa wiki tatu au nne mfululizo, muone daktari wa masikio, pua na koo achunguze zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni. Huenda ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, huenda ni asidi inayopanda kutoka tumboni na, mara chache, ni saratani.

"Ni vumbi la chaki."

Vumbi hukereketa koo, sikatai. Ila chaki tunaisingizia mno. Kinachoumiza hasa ni kusema kwa muda mrefu na kwa nguvu. Nyuzi za sauti za mwanamume hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, za mwanamke karibu mara 200, na hiyo ni sababu mojawapo ya walimu wa kike kuathirika zaidi. Sasa mweke mwalimu huyo mbele ya watoto 80, chini ya bati lisilo na dari, na mvua ianze. Kwenye kelele mtu hupaza sauti bila hata kujijua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili tangu 1911. Ndiyo maana kumwambia mwalimu "usipige kelele" hakutoshi. Punguza kelele yenyewe: weka dari, sogeza watoto karibu, waite kwa makofi au kengele, na mvua ikizidi wape kazi ya kuandika. Mwalimu mkuu ana kazi hapa kuliko mwenye koo.

"Tangawizi na asali zinalainisha nyuzi."

Unachomeza hupita kwenye umio, njia ya chakula. Nyuzi zimo kwenye njia ya hewa, na tangawizi ikizigusa utapaliwa. Asali hutuliza koo, basi. Maji husaidia kwa kuupa mwili wote unyevu, kwa hiyo yanywe kidogo kidogo kutwa nzima, usisubiri koo likauke.

"Ikikauka, nong'ona."

Kunong'ona kwa kujikamua ili darasa zima lisikie huzidi kuzichosha nyuzi. Sema taratibu kwa sauti yako ya chini, au nyamaza. Kujikohoza kila mara nako huzigonganisha. Piga funda la maji.

"Meza antibayotiki."

Sauti inayokauka ghafla pamoja na mafua mara nyingi ni ya virusi. Dawa hiyo haiviui.

"Vinundu lazima vikatwe."

Mara nyingi matibabu huanza na mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu, na vingi hupungua kwa njia hiyo. Wataalamu hao ni wachache kwetu, na wengi wako miji mikubwa. Ukivikata kisha ukarudi darasani kusema vilevile, vinaweza kuota tena.