Halo ya maada giza: kipi kinakua kweli na kipi ni maji kupwa tu

Juzi usiku umeme ulikatika hapa Bagamoyo, tuko ufukweni, nyota zimejaa hadi raha, kijana mmoja anayepaa samaki pale sokoni akanionyesha ule mkanda wa Njia ya Maziwa, galaksi yetu hii, akasema kaka si unaona yale mabaka meusi katikati, ndo maada giza yenyewe ile. Nikamwambia hapana mdogo wangu, yale ni mavumbi na gesi, yanaziba nyota zilizo nyuma yake. Maada giza haizibi kitu, mwanga unapita kama vile haipo, tunaijua kwa mvutano wake tu. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi ya Andromeda wakakuta huko pembeni mzunguko haupungui kasi kama walivyotegemea, yaani kuna kitu kingine kinashikilia. Hicho kitu kimeifunika galaksi nzima pande zote, ndo tunaita halo.

Dhana nyingine ni kwamba halo iliumbwa siku moja zamani ikabaki hivohivo. Sio kweli. Zilianza ndogondogo, zikavutana, kubwa zikameza ndogo, na mpaka leo kazi inaendelea. Njoo ufukweni Januari saa tatu saa nne usiku, tazama kusini chinichini, utaona kidoa cheupe kama moshi, lile ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo mbali kama miaka ya mwanga 160,000, imeingia kwenye halo yetu na ya kwake imekuja nayo.

Sasa mtu akisikia hivo anadhani halo inavimba yote kwa pamoja kama andazi kwenye mafuta, na hapo napo anakosea. Halo inajengwa kuanzia ndani kwenda nje. Angalia mji wetu huu, Mji Mkongwe nyumba zimebanana, ukitoka huko kwenye viwanja vipya nyumba moja hapa nyingine kule. Kitovu cha halo kilikusanyika mapema, ulimwengu wenyewe ukiwa bado umebanana, ndo maana kimeshiba hivo, vinavyokuja baadaye vingi vinaishia pembeni. Wataalamu Julio Navarro, Carlos Frenk na Simon White walilionyesha hili kwa kompyuta miaka ya 1996 na 1997: iliyojengwa mapema ndo ina kitovu kizito zaidi.

Ila kuna moja inanasa hata waliosoma, na mimi ndo naipenda kuliko zote. Halo haina ukuta, kwa hiyo mpaka tunaupanga wenyewe, kawaida pale ambapo wastani wa msongamano ndani yake ni mara 200 ya kipimo fulani cha msongamano wa ulimwengu mzima. Na kile kipimo kinashuka kadri ulimwengu unavyotanuka, kwa hiyo mpaka unasogea nje na halo inaonekana imekua hata kama hakuna kilichoongezeka! Sasa maji yakipwa hapa, hasa bamvua, fungu ambalo asubuhi lilikuwa kamgongo tu mchana unalitembea mpaka unachoka, na hakuna mtu kaleta mchanga hata ndoo moja. Wataalamu wengine, Benedikt Diemer, Surhud More na Andrey Kravtsov, walilieleza hili mwaka 2013, kwamba kwa halo za ukubwa wa galaksi kama yetu, sehemu kubwa ya "kukua" kwa takriban miaka bilioni 8 iliyopita ni fungu lilelile, bahari ndo imeondoka.

Dogo akanyamaza kidogo, akaniuliza, sasa kaka mwisho wenyewe uko wapi? Swali zuri sana hilo. Vinavyoanguka ndani ya halo kwa mara ya kwanza havisimami, vinapita vinatokea upande wa pili, vinaenda mpaka mvutano unavizidi nguvu vinageuka. Pale vinapogeukia msongamano unashuka ghafla, kama ule mstari wa mwani unaoachwa na maji pale yalipofika, na tangu 2014 baadhi ya wataalamu wanautumia huo kama mpaka.

Akaenda kuutafuta mstari wenyewe kwa tochi ya simu.