Cheti cha jina la biashara si hataza

"Nimeshasajili BRELA, hakuna wa kuniibia." Maneno hayo niliyasikia Mlimani, kwa mwanafunzi aliyeshika cheti cha jina la biashara mkono mmoja, mwingine ukiegemea mashine yake ya kumenya mihogo. Cheti kile cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kinahusu jina tu. Ni kweli hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi juu ya alichobuni, nayo huombwa BRELA (ndiyo maana watu huchanganya), lakini ombi lake ni jingine kabisa: maelezo ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi, michoro, na madai, yaani sentensi zinazoweka mpaka wa ulichobuni. Ukiandika madai ovyo, jirani atabadilisha kisu tu akupite. Tena uvumbuzi uwe mpya duniani kote, si Kariakoo tu. Basi ombi kwanza, kukionyesha kifaa hadharani kwenye maonyesho ya Sabasaba baadaye.