Kumuuliza Daktari Si Kumkosea Adabu

Wengi huamini kwamba usalama wa mgonjwa ni kazi ya madaktari na wauguzi peke yao, na kwamba ndugu anayeuliza maswali wodini anawaingilia wataalamu. Si kweli. Wauguzi hupokezana zamu. Mama aliyekaa kando ya kitanda ndiye aliyemwona mtoto jana, usiku na leo. Akisema "mwanangu hapumui hivi siku zote," hiyo ni taarifa ya kitabibu, tena ya thamani kubwa.

Uingereza imejifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2021 Martha Mills, msichana wa miaka 13, alifariki kwa sepsisi, hali ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, huanza kudhuru viungo vyake wenyewe, baada ya wazazi wake kueleza wasiwasi wao bila kusikilizwa ipasavyo. Mwaka 2024 hospitali za huko zilianza kutekeleza Kanuni ya Martha: familia ikiona mgonjwa anazidiwa, inaweza kuomba timu nyingine ije kumwangalia haraka.

Basi kidonge kikiletwa na rangi yake si ya jana, uliza kabla hakijamezwa. Taja pia mzio na dawa nyingine anazotumia mgonjwa, hata kama faili lake lipo mezani.